Mtoto na siti ya mbele: umri, urefu, mkanda na mfuko wa hewa

MkandaKwanza
Wakuu, swali la mtoto kukaa mbele huulizwa kila siku na hujibiwa kwa neno moja: "hapana", au "akifika miaka 12". Majibu hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayamsaidii mwenye pikapu ya siti mbili, wala mwenye watoto watatu na siti ya nyuma inayobana. Nafungua uzi huu tuyachambue vizuri.

Naweka msimamo wangu mapema ili mpate pa kunipinga. Mahali pa mtoto ni nyuma mpaka afikishe kama sentimita 145. Wengi hufika hapo kati ya miaka 8 na 12. Hata akishafika, nyuma panamfaa zaidi mpaka atimize miaka 13. Mbele panawezekana, ila kwa masharti, na masharti hayo yanatofautiana gari kwa gari.

Jambo moja tu halina mjadala: kiti cha mtoto kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Si kwa safari fupi, si kwa mwendo wa polepole, si "leo tu".

Umri nauweka mwisho kwa makusudi. Gari halijui siku ya kuzaliwa ya mtu. Linachojua ni mkanda unapita wapi mwilini, kifua kiko umbali gani kutoka dashibodi, na mfuko umewashwa au umezimwa.

Fundi Waya
Niingie hapo kwenye mfuko wa hewa, ule wengine wanauita eabegi, kwa sababu watu huuwazia kama mto. Ni baruti ndogo iliyofungwa nyuma ya plastiki ya dashibodi. Sensa zikihisi gari limesimama ghafla kupita kiasi, kompyuta ya mfumo hupeleka umeme kwenye kiwashio, kemikali huungua, na gesi hujaza mfuko. Tangu gari kugonga mpaka mfuko kujaa ni kama sekunde 0.05, kope la jicho haliwahi kufunga na kufunguka kwa muda huo. Kitambaa hupasua kifuniko na kutoka kwa kasi inayoweza kufikia kilomita 300 kwa saa.

Mfuko ulipimwa kwa mtu mzima aliyeegemea siti na kufunga mkanda. Huyo anaufikia ukiwa umeshajaa na umeanza kupumua kupitia matundu yake, ndipo unapokuwa mto. Hatari ni kwa anayekutana nao ukiwa bado unafumuka. Ndiyo maana tunasema kifua kiwe angalau sentimita 25 kutoka kwenye kifuniko.

Mtoto hujikuta ndani ya eneo hilo la hatari kwa njia mbili. Ya kwanza ni kile kiti kinachotazama nyuma. Mgongo wa kiti hicho unakaa karibu kabisa na dashibodi, na kichwa cha mtoto kiko upande wa pili wa plastiki hiyohiyo. Mfuko ukifumuka haumgusi mtoto. Unapiga ganda la kiti, na ganda linakisukuma kichwa kuelekea mgongo wa siti ya gari. Hakuna mkanda wala povu linalozuia hilo.

Njia ya pili haizungumzwi sana. Mtoto mkubwa kidogo kakaa bila mkanda, au kauvaa umelegea. Dereva anaona hatari, anakanyaga breki. Kabla gari halijagonga chochote mtoto ameshateleza mbele, uso uko juu ya dashibodi. Sekunde inayofuata gari linagonga. Breki yenyewe ndiyo iliyompeleka kwenye mfuko.

Na isidhaniwe kwamba lazima iwe ajali kubwa. Mifuko ya mbele hufumuka kwenye mgongano ulio sawa na kugonga ukuta mgumu kwa kilomita 16 hadi 25 kwa saa, kutegemea gari na kama mkanda umefungwa. Marekani, kati ya 1990 na 2008, vilihesabiwa zaidi ya vifo 290 vilivyosababishwa na kufumuka kwa mifuko ya mbele katika ajali za mwendo mdogo. Wengi walikuwa abiria, na karibu abiria wote hao walikuwa watoto, wengi wao ama hawakufunga mkanda, ama walikuwa kwenye viti vinavyotazama nyuma. Magari yaliyohusika karibu yote yalitengenezwa kabla ya 1998.

Ndani ya Boneti
Mkuu Fundi Waya, hiyo sentensi ya mwisho si ndiyo inayoondoa hoja? Magari ya sasa yana sensa kwenye siti, mtoto akikaa mfuko unajizima. Tunajadili tatizo la zamani.

Fundi Waya
Limepungua sana, hilo nakubali. Ila "yana sensa" inategemea gari liliuzwa soko gani. Marekani sheria ililazimisha, kwa awamu kati ya 2003 na 2006, mifuko inayopima abiria aliyekaa. Gari la jina hilohilo, mwaka huohuo, lililotengenezwa kwa soko jingine linaweza kuwa na mfuko wa kawaida usiojua nani amekaa. Sensa pekee iliyomo huenda ni ile ya kupiga kelele ukisahau mkanda, ambayo haina uhusiano wowote na kuzima mfuko.

Namna ya kujua: tafuta taa iliyoandikwa PASSENGER AIR BAG OFF karibu na redio, kwenye dari, au jirani na kioo cha kutazama nyuma. Kama taa hiyo haipo kabisa na swichi ya ufunguo ya kuzimia mfuko haipo, chukulia kwamba mfuko uko hai muda wote.

Na hata sensa ikiwepo ina udhaifu wake. Inapima uzito au mgandamizo kwenye siti. Mtoto aliye karibu na mpaka wa uzito anaweza kusomeka mtoto sasa hivi na mtu mzima baada ya dakika kumi, kwa kujisogeza tu au kwa begi alilopakata. Mkanda uliokazwa sana juu ya kiti cha mtoto nao unaongeza mgandamizo. Siti ikilowa maji, ikivalishwa kava nene, ikiwekewa mto, au kukiwa na kitu kimebanwa chini yake kikiisukuma juu, usomaji unaharibika. Kwa hiyo sensa ni akiba. Usiweke kiti kinachotazama nyuma ukitegemea kwamba sensa itaelewa.

Muuguzi wa Zamu
Wakuu, niongeze upande wa mwili, maana wengi hudhani mtoto ni mtu mzima aliyepunguzwa kipimo.

Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote. Kwa mtu mzima ni kama sehemu moja ya saba au nane. Kichwa hicho kizito kinabebwa na shingo ambayo pingili zake bado zina gegedu katikati ya vipande vya mfupa; vipande hivyo huanza kuungana kuanzia kama miaka 3 na kuendelea. Gari likigonga kwa mbele, mtoto anayetazama mbele anashikwa mabega na mkanda wa kiti, lakini kichwa kinaendelea na safari. Shingo ndiyo inayolipa. Akitazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa vinapokelewa kwa pamoja na ganda la kiti. Hiyo ndiyo sababu ya kumgeuzia nyuma, na hiyo ndiyo sababu nawaomba msimgeuze mtoto wa miezi kumi atazame mbele eti kwa sababu mfuko wa hewa hauzimiki. Hapo unakimbia hatari moja kwa kumtumbukiza kwenye nyingine. Viwango vipya vya Umoja wa Mataifa vya viti vya watoto (UN R129) vinataka mtoto atazame nyuma angalau mpaka miezi 15, na wataalamu wengi wanapendelea aendelee mpaka ajae kiti chake kwa urefu au uzito.

Sehemu ya pili ni nyonga. Mkanda wa kiunoni unatakiwa ushike kwenye nundu mbili za mbele za fupanyonga. Kwa mtoto mdogo nundu hizo hazijakomaa, kwa hiyo mkanda hauna cha kushika. Gari likisimama ghafla unapanda tumboni. Tunaona alama ya mkanda kwenye ngozi ya tumbo, na chini yake utumbo uliopasuka au pingili ya kiuno iliyovunjika. Mtoto wa namna hiyo anaweza kutembea mwenyewe kutoka eneo la ajali na kuzidiwa saa kadhaa baadaye. Alama ya mkanda tumboni ni sababu tosha ya kumpeleka hospitali, hata kama anasema haumwi.

Kuhusu kumpakata mtoto mbele, hesabu ni hii. Gari linatoka kilomita 50 kwa saa (karibu mita 14 kwa sekunde) na kusimama ndani ya sekunde 0.05. Hiyo ni takriban mara 28 ya nguvu ya uvutano. Mtoto wa kilo 10 anavuta mikono yako kama mzigo wa kilo 280. Hakuna mikono ya kushika hivyo. Na ukimfunga pamoja nawe kwenye mkanda mmoja, mwili wako wenye kilo 70 ndio unaomkandamiza kwenye utepe.

Ndani ya Boneti
Sawa, nimeelewa ya mfuko. Lakini kuna hoja mnaikwepa. Siti za mbele kwenye magari mapya zina vikaza mkanda vinavyovuta utepe papo hapo ajali inapoanza, na zina vilegeza mkanda ili usivunje mbavu. Siti za nyuma za magari mengi hazina. Taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, ilianza mwaka 2022 kupima abiria wa nyuma, na magari mengi yakaonekana hafifu. Sasa nyuma pana usalama gani wa kusifiwa hivyo?

MkandaKwanza
Hoja nzuri na ni ya kweli, ila ina mipaka. Majaribio hayo yalimlenga abiria mwenye umbo la mwanamke mdogo, au mtoto wa kama miaka 12, anayetumia mkanda wa gari peke yake. Yanaonyesha kwamba mbele pameboreshwa haraka kuliko nyuma. Hayakusema nyuma pamekuwa pabaya kuliko zamani, na IIHS wenyewe bado wanasema watoto chini ya miaka 13 wakae nyuma.

Mtoto aliye kwenye kiti chake hategemei kikaza mkanda kwa kiwango kilekile. Anashikwa na mikanda mitano ya kiti, na kiti kimeshikwa na gari. Faida anayoipata nyuma ni umbali: mbali na dashibodi, mbali na mfuko, mbali na bodi inayobonyea kuingia ndani. Ajali nyingi zinazoua hupiga mbele.

Lakini nakubali sehemu ya hoja yako. Kijana wa miaka 13 mwenye sentimita 160, gari jipya, amefunga mkanda vizuri, siti imesogezwa nyuma: hapo tofauti ya mbele na nyuma ni ndogo, na sitagombana na mzazi.

Siti Mbili
Sasa turudi kwa sisi wenye pikapu za kabini moja. Siti ya nyuma haipo. Nyuma kwenye bodi ya mizigo mtoto hapandi, hilo tusilipotezee muda. Naomba hatua kamili.

Fundi Waya
Mkuu, pikapu nyingi za kabini moja zina swichi ya ufunguo, kwa sababu watengenezaji wanajua tatizo hilo. Fungua mlango wa abiria utazame ubavu wa dashibodi, ule unaojificha mlango ukifungwa. Kama haipo hapo, angalia ndani ya droo ya dashibodi. Zima gari kabisa. Ingiza ufunguo wa chuma (kama unatumia rimoti, ufunguo mdogo huwa umefichwa ndani yake), geuza mpaka OFF, utoe. Washa swichi ya gari na usubiri: taa ya PASSENGER AIR BAG OFF lazima ibaki inawaka. Ikiwaka kidogo na kuzimika, mfuko uko hai.

Watu huchanganya taa hii. OFF ikiwaka ina maana mfuko UMEZIMWA. Kuna magari yenye taa mbili, ON na OFF, na ile ya ON huzimika yenyewe baada ya muda mfupi. Kwa hiyo kutokuona taa yoyote hakuna maana kwamba mfuko umezimwa.

Na ukimshusha mtoto, akapanda mtu mzima, rudisha ON. Mtu mzima mbele ya mfuko uliozimwa amepunguziwa kinga yake.

Kiti Kimekaza
Nimalizie upande wa kufunga kiti, maana mfuko ukishazimwa kazi haijaisha.

Kiti kinachotazama nyuma: sogeza siti ya gari nyuma mpaka kiti cha mtoto kisiguse dashibodi, isipokuwa kitabu cha kiti kiseme vinginevyo. Pembe ya mtoto mchanga ni kama nyuzi 45. Akisimamishwa sana kidevu kinaangukia kifuani na pumzi inabanwa. Viti vingi vina kipimo cha pembe pembeni. Tumia hicho, si macho. Gari liwe mahali tambarare unapopima.

Kiti kinachotazama mbele: hapa watu husikia "sogeza siti nyuma kabisa" na kuipitiliza. Angalia mkanda unatokea wapi kwenye nguzo ya mlango. Tundu la mkanda linatakiwa liwe nyuma ya mgongo wa siti, ili mkanda uvute kiti kwenda nyuma. Ukirudisha siti kupita hapo, mkanda unatoka mbele kuja nyuma, na siku ya ajali kiti kinateleza mbele kwanza kabla mkanda haujakaza. Rudisha siti mpaka mwisho, kisha isogeze mbele kidogokidogo mpaka mkanda utoke nyuma ya bega. Mgongo wa siti uwe wima. Kiegemeo cha kichwa kikisukuma kiti cha mtoto mbele, kipandishe au kiondoe.

Mkanda wenyewe: baadhi ya magari, hasa ya Marekani, ukiuvuta wote mpaka mwisho halafu ukaurudisha, unasikia mlio wa tik tik, umejifunga na hautoki tena mpaka urudi wote. Mingine inajifunga kwa mtikisiko tu. Kwa mingine hiyo, kiti cha mtoto kiwe na kibano chake cha kufunga utepe. Weka goti kwenye kiti, kandamiza kwa uzito wako, vuta utepe wa bega mpaka ulegevu wote uishe. Halafu shika kiti pale mkanda unapopita (si juu kwenye kichwa, pale patacheza daima) na ukitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, rudia.

Mikanda ya mtoto: akitazama nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega au chini kidogo. Akitazama mbele, usawa wa mabega au juu kidogo. Jaribu kubana utepe kwa vidole viwili kwenye bega. Ukipata mkunjo, bado umelegea. Vua koti nene kwanza. Koti hubonyea kwenye ajali na kuacha nafasi ambayo hukuiona.

Siti Mbili
Na kama swichi haipo? Nimesikia mafundi wakisema "toa fyuzi", au "chomoa soketi ya njano chini ya dashibodi". Inafanya kazi?

Fundi Waya
Fyuzi ya SRS (mfumo wa mifuko ya hewa na vikaza mkanda) mara nyingi hubeba mfumo mzima. Ukiitoa umezima mfuko wa dereva, mifuko ya pembeni na vikaza mkanda, vyote kwa pamoja. Umemlinda mtoto na mfuko, umemvua kila mtu kinga.

Soketi ya njano ni mbaya zaidi, kwa sababu inaonekana kama ujanja. Ukiichomoa, kompyuta inaona njia imekatika, taa ya SRS inawaka. Kwenye magari mengine mfumo unaendelea kwa sehemu zilizobaki, mengine unajizima wote. Na taa ikishawaka daima, siku hitilafu ya kweli ikija hutaijua. Kuna wanaoweka rezista ili kompyuta idanganyike. Hiyo ndiyo humfanya mnunuzi wa baadaye aendeshe gari lenye dashibodi tupu akiamini ana mfuko.

Mtu asipime kiwashio kwa mita ya kawaida ya umeme. Mkondo mdogo wa mita unaweza kukilipua. Kazi yoyote hapo huanza kwa kuzima gari, kutoa waya hasi wa betri na kusubiri kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Dakika tatu kwa magari mengi zinatosha, kwa sababu kompyuta ina kapasita inayohifadhi umeme wa kulipua mfuko hata betri ikichomolewa.

Njia halali ni mbili: swichi ya kiwandani iliyotengenezwa kwa modeli hiyo, au kuzimwa kwa kompyuta na wakala wa mtengenezaji, na kibandiko kiwekwe kwenye dashibodi kisemacho hivyo. Ikishindikana zote, kiti kinachotazama nyuma hakipandi gari hilo. Najua jibu hilo halipendezi.

Nikiwa hapo: kila gari lililotumika, washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya SRS iwake kama sekunde sita na kuzimika. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameitoa balbu au ameizima. Ikizimika sambamba na taa ya oili pale injini inapowaka, imeunganishwa humo kwa hila.

Nyonga na Bega
Mmezungumza sana kuhusu wadogo. Wanaoumia kimyakimya ni wale wa miaka 6 hadi 11, ambao mzazi ameshachoka na viti na mtoto anaona aibu kukalia kiti. Kabla hamjafikiria kumhamisha mbele, mjaribuni nyuma kwenye mkanda wa gari peke yake.

Akae makalio yakigusa kabisa mgongo wa siti. Magoti yakunje ukingoni mwa siti bila yeye kuteleza mbele. Asipofikisha, atateleza tu, hakuna mtoto anayekaa miguu imenyooka hewani kwa saa nzima. Utepe wa bega upite katikati ya mtulinga, baina ya shingo na ncha ya bega. Wa kiunoni ulale chini, ukigusa mapaja. Na aweze kubaki hivyo safari yote, hata akisinzia. Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi.

Likishindikana moja, bado anahitaji kiti cha kumwinua, kile wengi wanakiita busta. Kazi yake si kumpa mtoto mandhari. Ni kumpandisha ili mkanda ushuke kwenye nyonga. Chenye mgongo kinaongoza na utepe wa bega, tena kinamzuia asianguke pembeni akilala. Kisicho na mgongo, kwa modeli mpya za Ulaya, kinakubaliwa kuanzia sentimita 125. Busta haitumiki kamwe na mkanda wa kiunoni peke yake, ule wa siti ya katikati kwenye magari ya zamani. Bila utepe wa bega, busta inamfanya ajikunje mbele zaidi.

Mkanda ukimkata shingo asiuweke nyuma ya mgongo wala chini ya kwapa. Mkanda unaokata shingo unakuambia mtoto ni mfupi kwa siti hiyo.

Jambo dogo: siti hailingani na siti. Mtoto anaweza kufaulu kwenye gari moja na kufeli kwenye jingine lenye mto mrefu wa siti. Jaribuni kila gari.

Watatu Nyuma
Mimi nina swali la hesabu. Watoto watatu: miezi 8, miaka 3, miaka 9. Viti vitatu havienei nyuma, upana haukubali. Nani anakuja mbele?

MkandaKwanza
Wa miaka 9, akiwa na busta yenye mgongo, siti imerudishwa nyuma kama alivyoeleza Kiti Kimekaza. Kanuni ni hii: anayekwenda mbele ni yule mwili wake unaovumilia zaidi, na anayetazama mbele. Wadogo wabaki nyuma. Watu wengi hufanya kinyume, mdogo ndiye anayewekwa mbele "nimwone akilia".

Ila kabla ya hapo pima tena. Viti vingine ni vyembamba, na kiti cha mkanda kinaweza kusogezwa pembeni pale cha ISOFIX (kinachonasa kwenye vyuma vya siti ya gari badala ya mkanda) kisipoweza, kwa kuwa vishikizo vya ISOFIX vimewekwa mahali pamoja, sentimita 28 kati yake. Wakati mwingine kumtoa mmoja kwenye ISOFIX na kumfunga kwa mkanda wa gari kunaleta nafasi. Ukikaza sawasawa hupotezi kitu.

Ndani ya Boneti
Na huyo wa miaka 9 mbele, mfuko azimiwe au uachwe?

MkandaKwanza
Swali zuri, na hapa wataalamu hawasemi lugha moja. Kwa anayetazama mbele, kitabu cha gari na kitabu cha kiti ndivyo vinavyoamua, na magari mengine yanasema mfuko ubaki hai ilimradi siti iko nyuma kabisa. Kigezo changu ni zile sentimita 25 za Fundi Waya, nikizipima mtoto akiwa ameketi kama anavyoketi kweli, si kama anavyoketi akiambiwa. Ni mtoto wa kuinamia dashibodi kutafuta simu iliyoanguka? Zima, kama kuna swichi na kitabu hakikatazi. Gari la zamani lenye mfuko unaofumuka kwa nguvu ileile kwa kila abiria? Zima bila kufikiri mara mbili. Kama swichi haipo na sentimita hazitimii, mbele si pake.

Kuna na vitabia viwili vya kukataza mara moja: miguu juu ya dashibodi, na siti iliyolazwa. Mfuko ukifumuka chini ya miguu, magoti yanakuja usoni. Siti ikilazwa, utepe wa bega unaelea hewani mbele ya kifua na mwili unateleza chini ya mkanda wa kiuno.

Swali Moja
Na gari lisilo na mfuko kabisa, la zamani?

Kiti Kimekaza
Hapo kiti kinachotazama nyuma kinaweza kukaa mbele, mkanda ukiwa wa pointi tatu na urefu wake ukitosha kuzunguka ganda. Hakikisha kwamba kweli hakuna mfuko: maandishi ya SRS kwenye dashibodi, kwenye usukani, au kibandiko kwenye kivuli cha jua. Usukani kuwa na mfuko hakuna maana abiria naye anao, na kinyume chake usidhani. Hata bila mfuko, nyuma bado ni bora: utafiti uliochapishwa Marekani 1998 ulikuta watoto wa miaka 12 kushuka walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa takriban theluthi moja wakikaa nyuma, kwenye magari yasiyo na mfuko wowote.

Swali Moja
Sheria je?

MkandaKwanza
Hazifanani. Ufaransa mtoto chini ya miaka 10 hukaa nyuma, isipokuwa gari halina siti za nyuma, siti hizo zimejaa watoto wenzake, au yuko kwenye kiti kinachotazama nyuma na mfuko umezimwa. Uingereza inaruhusu mbele, ila kiti sahihi ni lazima mpaka miaka 12 au sentimita 135, chochote kitangulie. Australia, chini ya miaka 4 haruhusiwi mbele kama gari lina safu mbili za siti au zaidi. Angalia ya unakoendesha. Ila uone pia kwamba sentimita 135 ya sheria na 145 ya mkanda kukaa vizuri ni vitu viwili: wa 136 hana kosa barabarani, na huenda bado mkanda unamkaa tumboni.

Siti Mbili
Nimeiona swichi, iko ubavuni mwa dashibodi kama Fundi Waya alivyosema. OFF inawaka na inabaki. Kiti kinachotazama nyuma lakini kinagusa dashibodi, siti ikiwa mwisho kabisa.

Kiti Kimekaza
Fungua kitabu cha kiti kwenye ukurasa wa siti ya mbele. Baadhi ya watengenezaji wanaruhusu kugusa kidogo mfuko ukiwa umezimwa, wengine wanakataza. Kisiporuhusu, jaribu kwanza kukisimamisha kidogo ndani ya pembe inayoruhusiwa kwa umri wa mtoto. Mtoto anayeshika kichwa mwenyewe anaweza kukaa wima zaidi ya mchanga, na hapo unapata sentimita kadhaa. Ikigoma, tafuta kiti chenye ganda fupi. Usikilaze kupita pembe yake, wala usiweke taulo chini mpaka kitabu kiseme.

Siti Mbili
Kimesimama vizuri kwenye alama ya pili ya kipimo. Kidole kimoja kinapita kati yake na dashibodi.

Kiti Kimekaza
Kitikise pale mkanda unapopita, halafu washa swichi uangalie OFF mara moja zaidi kabla hujaondoka.